Tafiti za wahandisi na wasanifu majengo wa vyuo vyetu: zipi zinatufaa Ngara na Biharamulo?

Leo sina siasa wala mpira. Nimekusanya sehemu moja mambo ya utafiti wa uhandisi na usanifu majengo yaliyofanywa na vyuo vya hapa Tanzania, halafu kila moja nimelipima kwa swali hili: huku kwetu linatusaidia nini? Mwenye haraka asome vichwa vidogo, mwenye muda asome yote.

Kilichonifanya niandike ni tanuru la tofali. Kiangazi kilichopita baba mdogo alikuwa anachoma tofali za nyumba yake. Tulikata miti, tukapasua magogo, tukawasha moto siku mbili usiku na mchana. Tofali zikatoka nzuri tu, nyekundu. Ila kale kakilima nyuma ya nyumba kamebaki upara. Nikamuuliza, "Baba mdogo, hakuna namna nyingine?" Akanijibu, "Wewe si ndiye uliyemaliza fomu siksi, tafuta." Basi nimetafuta.

VYUO VYENYEWE NI VIPI

Wilaya zetu hizi mbili hazina kitivo cha uhandisi. Anayetaka kusoma lazima apande basi. Vilivyofanya kazi nitakazozitaja ni hivi:

- Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM). Kitivo cha Uhandisi kilianza mwaka 1973 kwa msaada wa Wajerumani. Mwaka 2001 kikaunganishwa na ile taasisi ya ubunifu wa uzalishaji iliyoitwa IPI, ndipo likapatikana jina la CoET ambalo wengi tunalijua.
- Chuo Kikuu Ardhi, nacho kipo Dar. Kilitokana na chuo cha kufundisha wapima ardhi. Mwaka 1996 kikawa chuo kishiriki cha UDSM kwa jina la UCLAS, na mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kamili. Huku ndiko wanakosomea wasanifu majengo, wapima na watu wa mipango miji.
- Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha. Ilianza kupokea wanafunzi mwaka 2011, na ni ya shahada za juu, yaani mtu anakwenda akiwa ameshapata digrii ya kwanza.

Kuna vingine kama MUST kule Mbeya na DIT ya Dar, hivyo sijavisahau. Leo nachukua tafiti ambazo naona zina uzito kwetu.

1. CHUJIO LA MAJI LA ARUSHA

Hii ndiyo iliyopata jina kubwa nje. Dk. Askwar Hilonga ni mtoto wa kijiji cha Gongali, Karatu. Alisoma udaktari wa falsafa Korea Kusini upande wa nanoteknolojia, akarudi kufundisha Nelson Mandela. Mwaka 2015 akawa mshindi wa kwanza kabisa wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi, inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Zawadi ilikuwa pauni 25,000.

Chujio lenyewe linafanyaje kazi? Kuna mchanga, ambao unazuia tope na sehemu ya vijidudu. Mchanga huo watu wanautumia miaka mingi, si kitu kipya. Kipya ni ile tabaka ya vitu vidogo sana vya kiwango cha nanomita (milimita moja ina nanomita milioni moja, piga picha mwenyewe). Hivyo vinanasa kemikali ambazo mchanga unaziachia zipite. Kule Arusha tatizo lao kubwa ni floraidi, ile inayofanya meno yawe ya kahawia na mifupa kupinda.

Jambo la akili alilofanya ni kwamba chujio linabadilishwa kulingana na maji ya mahali husika. Maji yanapimwa kwanza, ndipo inajulikana kiwekwe nini ndani. Pia badala ya kila nyumba kununua chujio lake, kuna vituo ambapo mjasiriamali anachuja na kuuza maji kwa bei ndogo.

Kwetu je? Ngara tuna mito mikubwa, Ruvubu na Kagera, na chemchemi nyingi mabondeni. Biharamulo watu wengi wanategemea visima na malambo. Usiende kununua chujio la floraidi kwa sababu tu limepata tuzo Ulaya. Kwanza maji yapimwe tujue yana nini. Kama shida ni vijidudu na tope, kuchemsha au mchanga uliotunzwa vizuri unaweza kutosha. Hili la kupima kwanza ndilo ninalotaka ukumbuke hata kama mengine utasahau.

2. BWAWA LA MATETE LA KUSAFISHA MAJI MACHAFU

Hii haina jina kubwa, lakini mimi ndiyo imenigusa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kikundi cha watafiti wa UDSM kilianza kuchunguza jinsi ya kusafisha maji taka bila mashine wala umeme. Humo walikuwamo watu kama Profesa Jamidu Katima, Profesa Karoli Njau ambaye baadaye alihamia Nelson Mandela, na Profesa Tolly Mbwette ambaye baadaye alikuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu Huria. Walianzia kwenye mabwawa ya maji taka ya pale pale chuoni. Baadaye mabwawa ya namna hiyo yakajengwa sehemu kama Moshi na Iringa.

Inavyofanya kazi: maji taka yanapita kwanza kwenye shimo au bwawa la kutulia, uchafu mzito unabaki chini. Halafu yanaingia kwenye bwawa jembamba lililojazwa kokoto, chini limezibwa yasizame ardhini, na juu limepandwa matete. Maji yanatembea taratibu kati ya kokoto na mizizi. Bakteria wanaoishi pale wanakula uchafu, na matete nayo yanachukua sehemu ya mbolea iliyomo. Yanayotoka upande wa pili si ya kunywa, naomba nisieleweke vibaya! Ila yanafaa kumwagilia miti, na hayaendi kuchafua kijito kama yale yanayomwagwa hivi hivi.

Sasa fikiria shule zetu za bweni. Fikiria hospitali zilizo juu ya kilima na watu wanachota maji bondeni. Ngara yote ni milima na mabonde, unachomwaga juu kinamfikia mtu wa chini. Matete na mafunjo tunayo bure kwenye mabonde yetu, kokoto tunazo, na mteremko unaosukuma maji bila pampu tunao wa kumwaga. Kinachotakiwa ni mhandisi wa kupiga hesabu ya ukubwa wa bwawa kulingana na idadi ya watu. Hapo ndipo chuo kinapohitajika, maana likiwa dogo halisafishi, na likiziba linanuka na mbu wanazaliana.

3. NYUMBA INAYOZUIA MBU

Hii ni ya wasanifu majengo na wataalamu wa malaria kwa pamoja. Waliofanya ni watu wa Chuo cha Usanifu Majengo cha Denmark wakishirikiana na watafiti wa hapa nchini. Katika kijiji cha Magoda, Muheza mkoani Tanga, zilijengwa nyumba 6 za majaribio. Wazo walilichukua Asia ya Kusini-Mashariki: nyumba imeinuliwa kutoka ardhini, ukuta unapitisha hewa, matundu yamezibwa kwa wavu. Matokeo yaliyotoka mwaka 2017 yalionyesha mbu ni wachache kuliko kwenye nyumba za kawaida za kijijini, hasa kwa wanaolala ghorofani, na ndani kuna ubaridi hivyo mtu anavumilia kulala kwenye chandarua.

Baadaye wakaenda Mtwara wakajenga nyumba 110 za mpango huo, familia zikapatikana kwa bahati nasibu ili pasiwe na upendeleo. Zina vyumba vya kulala juu, jiko lisilojaza moshi, choo kisichoingiza inzi, na tangi la maji ya mvua. Watoto wanaoishi humo walifuatiliwa kwa miaka mitatu wakilinganishwa na wenzao wa nyumba za kawaida.

Kwetu hapa inabidi tuwe waangalifu kidogo. Mtwara na Muheza ni joto. Ngara mjini tuko juu, kama mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari, usiku wa mwezi wa saba unajua mwenyewe. Ukuta unaopitisha upepo huku utatuletea vikohozi. Biharamulo, ambako ni chini na kuna joto zaidi, unaweza kufaa kuliko huku. Kwa hiyo usanifu hauhamishwi kama kitanda, lazima ubadilishwe.

Lakini lipo jambo dogo unaloweza kufanya wiki hii bila msanifu. Mbu wa malaria wengi wanaingia kupitia ule uwazi kati ya ukuta na paa. Ziba pale, au weka dari, na tia wavu madirishani. Nyumba nyingi nilizoziona huku dirisha lina nondo nzuri za kuzuia mwizi, ila wavu hakuna. Mwizi anakuja mara moja kwa mwaka, mbu ni kila siku!

4. TOFALI ZA KUFUNGAMANA (JIBU LA BABA MDOGO)

Hili halikutoka chuoni moja kwa moja. Limetoka kwa Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Ujenzi, ambao ulitokana na kitengo cha utafiti kilichoanza miaka ya 1970 na kuwa wakala mwaka 2001. Nimeliweka kwa sababu ni utafiti wa uhandisi uleule, na ndilo lililonipeleka kutafuta.

Tofali yenyewe ni udongo wa kawaida, hasa ule mwekundu, unaochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono. Haichomwi. Inakaa kivulini na kumwagiliwa maji kwa siku 7 au zaidi ikomae, baada ya hapo inaachwa ikauke. Ina meno na mashimo, ya juu inaingia kwenye ya chini, ndiyo maana inaitwa ya kufungamana. Ukuta unapanda haraka na unatumia udongo wa kuungia kidogo sana, sehemu nyingine hautumii kabisa.

Kipimo cha udongo unaweza kufanya mwenyewe. Chukua chupa ya plastiki angavu, weka udongo nusu, jaza maji, tikisa sana, iache itulie hadi kesho. Mchanga utakaa chini, juu yake vumbi laini, mfinyanzi juu kabisa. Mfinyanzi ukizidi, tofali itapasuka ikikauka. Mchanga ukizidi, itamomonyoka. Ukiona hauko sawa unachanganya udongo wa sehemu mbili.

Kwa nini hili ni kubwa kwetu? Sababu ya kwanza ni miti. Wazee wanakumbuka mwishoni mwa Aprili 1994, pale Rusumo, ambapo ndani ya takriban siku moja wakimbizi kama 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja wakaingia Ngara. Benaco ikawa kama jiji. Watu wanapika, watu wanajenga, misitu ikaondoka. Hawakuwa na jinsi, walikimbia kifo. Ila sisi leo hatukimbii kitu na bado tunakata kwa ajili ya tanuru.

Sababu ya pili ni tetemeko. Tarehe 10 Septemba 2016 mkoa wetu wa Kagera ulitikiswa na tetemeko la kipimo cha 5.9. Walioumia zaidi ni wenzetu wa Bukoba na Missenyi, watu wasiopungua 17 walipoteza maisha na mamia ya nyumba yakaanguka. Nyumba nyingi zilizoanguka ni za ukuta uliopangwa tu bila kitu cha kuufunga. Tofali yoyote ile, ya kuchoma au ya kufungamana, inahitaji msingi imara na mkanda wa zege wenye nondo unaozunguka nyumba nzima pale kwenye linta. Mafundi wengi wanauruka kupunguza gharama, au wanaweka juu ya mlango na madirisha tu. Hapo usikubali.

Ubaya wa tofali hizi nao niuseme. Saruji inafika huku kwa bei mbaya kwa sababu ya umbali. Mashine mtu mmoja hawezi kununua, ila kikundi kinaweza. Na paa lazima litokeze nje vizuri, mvua isipige ukuta.

5. RAMANI ZINAZOCHORWA NA WANAFUNZI

Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi waliingia Tandale, Dar, wakashirikiana na wakazi kuchora ramani ya mtaa wao: vichochoro, visima, vyoo, shule, mitaro. Ramani ikawekwa kwenye OpenStreetMap, ambayo ni bure kwa kila mtu. Mwaka 2015 kazi hiyo ikakua ikawa Ramani Huria, wanafunzi wa Ardhi na UDSM wakachora kata zinazofurika maji Dar, hadi kwa kutumia ndege ndogo zisizo na rubani. Leo ukifungua ramani ya mitaa hiyo unaona hadi nyumba moja moja.

Halafu fungua ramani ya kijiji chako Ngara au Biharamulo. Uone penye nyumba mia pameandikwa nini. Wadau, hii ndiyo ambayo sisi wenyewe tunaweza kuanza nayo bila kusubiri mtu. Unahitaji simu yenye GPS au kompyuta ya hapo kafe ulipo, jina la kufungulia akaunti, na uaminifu wa kuandika unachokijua kweli. Zahanati ipo wapi, kisima kipi kinakauka kiangazi, daraja lipi linasombwa na mvua. Anayepanga barabara au maji akikuta tayari ipo, hana kisingizio.

UHANDISI UNAPITA MLANGONI, SISI TUNAANGALIA

Mtu asiseme wilaya zetu hazina uhandisi. Pale Rusumo tuna mtambo wa umeme wa maji wa megawati 80, unaogawanywa sawasawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Ulianza kuzalisha mwishoni mwa 2023. Umeme wa upande wetu unasafiri kwa laini ya kilovoti 220 hadi Nyakanazi, wilaya ya Biharamulo. Wilaya mbili, nguzo moja baada ya nyingine. Watu tuliozoea majenereta ya mafuta tunajua tofauti. Daraja jipya na kituo cha pamoja cha mpakani navyo vilikamilika pale Rusumo mwaka 2014. Na Kabanga kuna nikeli ambayo dunia nzima inaitolea macho kwa ajili ya betri.

Miradi hiyo imejengwa na wahandisi waliotoka mbali. Vijana wa huku wengi tulibeba zege, tulilinda vifaa, tulipika chakula. Kazi ni kazi, siidharau. Lakini wangapi kati yetu tulishika ramani ya mradi?

SASA TUFANYEJE

Mi naona mambo manne tu.

Moja, aliye kidato cha pili au cha tatu asikimbie fizikia na hesabu. Bila hizo mbili mlango wa uhandisi unafungwa mapema. Najua walimu wa masomo hayo ni wachache huku, tukae vikundi, wa juu amfundishe wa chini.

Mbili, aliyeko chuo tayari: mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anafanya mradi wa utafiti. Chagua nyumbani. Badala ya kuandika tena kuhusu foleni ya Dar, kapime udongo wa Nyakahura au maji ya Rulenge. Chuo kinapata ripoti, na sisi tunapata majibu.

Tatu, viongozi wa vijiji na wakuu wa shule waandike barua vyuoni. Watafiti wanahitaji mahali pa kufanyia majaribio. Moshi, Iringa, Muheza na Mtwara zilipata kwa sababu mtafiti alikaribishwa. Kagera tukikaa kimya watapita juu kwa ndege.

Nne, vikundi vya vijana viangalie mashine ya tofali kama biashara. Nyumba zinajengwa kila mwaka, na miti inapungua kila mwaka, hesabu iko wazi.

Baba mdogo nimempelekea habari ya tofali za kufungamana. Amenisikiliza mpaka mwisho, akauliza bei ya saruji, akaguna. Kisha akaniambia nyumba ya jiko ambayo hajaanza tujaribu kwa hizo, kama nikipata kikundi chenye mashine. Chupa ya kupimia udongo nimeshaijaza, iko dirishani inatulia. Mchanga umekaa chini vizuri, mfinyanzi nao unaonekana si mwingi mno.

Mwenye kujua kikundi chenye mashine hiyo Ngara, Biharamulo au hata Kakonko, aandike hapo chini kwenye maoni. Na mhandisi au fundi anayeona nimekosea mahali, anisahihishe bila kunitukana. Tuko pamoja wadau.